Wenzangu Wawili wa Redio

Dukani, Kisii mjini
Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Rehema,

Najua ukishika karatasi hii utacheka kwanza. Baba yako, mtu wa redio za upepo, hizi za kuitana na kujibiana, aliyewalisha nyinyi kwa vyombo vya kupigia domo, leo ameandika barua. Cheka tu. Wewe na mama yako mmekwenda sokoni Daraja Mbili kutafuta ndizi za safari na sweta ya mtumba ambayo kwa joto la Lodwar hutaivaa hata siku moja, lakini ukimwambia mama yako hivyo utazua vita. Mimi nimeufunga mlango wa duka nusu, nimeweka chuma cha kulehemu pembeni, na nimeamua kukuandikia kabla hamjarudi. Ukiwa mbele yangu nitaanza mzaha, nawe utanisaidia kuuendeleza, na tutafika kesho hatujasema kitu.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na nani wa kwetu anaishi mtaa gani huko, mama yako ameshayasema mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la Jumatano.

Jumatano tulipokuwa tukila uliniuliza, "Baba, nikienda utabaki na nani hapo dukani? Wenzako wote wawili wameenda. Si niwaambie hao watu wa kazi ya Lodwar nimeghairi?" Nikanyamaza. Nikamega ugali, nikachovya mchuzi, nikala kama mtu asiye na masikio. Alhamisi asubuhi nikaona begi lako limerudishwa juu ya kabati na nguo zako zimetundikwa. Mama yako anaendelea kununua vitu vya safari kana kwamba hajaona, nawe unamfuata sokoni kwa heshima tu. Umeuchukua ukimya wangu kuwa jibu. Sikulaumu, maana hata mimi niliwahi kuuchukua ukimya wa mtu kuwa jibu, na karibu umuue. Ngoja nikueleze.

Omwenga na Kerubo unawajua, lakini umewajua wakiwa wazee wako. Ulimwita mmoja mzee na mwingine shangazi, ukala peremende zao, ukatumwa chai. Hukuwajua kama washirika, na mshirika ni kitu kingine kabisa. Mshirika anakujua ulivyo ukiwa umekosea mbele ya mteja.

Tulianza watatu kwa sababu hakuna aliyeweza peke yake, wala hatukuwa na sababu nyingine ya maana. Omwenga wa Birongo alikuwa fundi. Aliweza kufungua redio iliyoliwa na mvua msimu mzima, akaisafisha taratibu huku akipiga mbinja nyimbo za kanisani, na jioni ikaongea. Lakini mbele ya mteja alikuwa bubu. Kerubo wa Nyamira alikuwa na mdomo wa watu watatu. Hakuna ofisi aliyoiogopa, hakuna mlinzi wa geti aliyemzuia, na alipoingia kwenye kiwanda cha majani chai kuuliza kama madereva wao wanasikilizana, meneja alijikuta anajibu. Lakini redio yenyewe aliishika kama mtu anayeshika samaki. Mimi nilikuwa na chumba hiki, alichoniachia babu yako, na nilijua kuagiza bidhaa na kuzipata. Basi. Ukituchanganya, ulipata mfanyabiashara mmoja mzima.

Kilichotushangaza hata sisi ni siku zetu za ibada. Ijumaa adhuhuri mimi sipo. Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama, Omwenga hayupo, ni Sabato, na alizima redio, akazima simu, akazima hata uso. Jumapili asubuhi Kerubo yuko misa. Watu walituambia tutagombana. Kumbe ndizo zilizotuweka pamoja, maana duka halikuwahi kukosa mtu, na kila mmoja alipumzika siku yake bila kuomba ruhusa. Tuliheshimiana mno. Hilo neno "mno" nimeliandika makusudi.

Kila asubuhi tuliitana hewani, kila mmoja kwa jina la mahali pake. Nchi yetu hii ni milima na mabonde, redio ya Nyamira haiwezi kufika hapa mjini bila kusaidiwa, ndiyo maana tuliweka mlingoti kule juu Manga, upokee sauti upande huu na kuirusha upande ule. Kabla sijanywa chai, Kerubo alikuwa ameshaamsha bonde zima kwa salamu ya asubuhi: "Bwakire, Kisii! Bwakire, Birongo! Nani bado analala?" Na mimi nikajibu, na Omwenga akajibu kwa neno moja, na siku ikaanza. Nilikuwa naona ni kero. Sasa hivi ningetoa kitu kikubwa nisikie kero ile.

Tulikosea mara nyingi, na makosa yetu mengine ni ya kuchekesha. Kuna Jumamosi tulikodisha redio kwa watu wa harusi Nyamira na kwa kamati ya mazishi kule Keroka. Omwenga ndiye aliyekuwa akizitenga chaneli, na siku hiyo alikuwa kwenye Sabato. Mimi na Kerubo tukasema, hii kazi ni ndogo, tutajifanyia. Tukaziweka zote chaneli moja. Wafiwa wamesimama kimya, padri anaomba, na redio iliyo kiunoni mwa mwelekezaji wa magari inapaza sauti: "Bibi harusi ameshuka! Wamama, vigelegele!" Na vigelegele vikaja, mwanangu, vikali, vya kutosha.

Mimi nilitaka kujificha. Nilisema tusubiri watuite, tuone wamekasirika kiasi gani. Kerubo alinitolea macho. "Baba Rehema, ukingoja kuitwa, unaitwa ukiwa mwizi. Ukienda mwenyewe unaenda ukiwa mgeni. Vaa kofia yako twende." Jumapili alitoka misa, tukaenda mpaka nyumbani kwa wafiwa. Mjane alitusikiliza tukiomba radhi mpaka mwisho, akiwa amekaza uso, halafu akasema marehemu alipenda harusi kuliko mazishi, na akaangua kicheko, akalia humo humo. Tulikunywa chai pale. Baada ya hapo familia ile ilipokuwa na shughuli haikutafuta redio kwingine. Mimi tangu siku hiyo sijangoja kuitwa kwa kosa langu, ila mara moja, na mara hiyo ni Jumatano hii.

Kosa lingine halichekeshi, au linachekesha kwa namna mbaya. Unakumbuka Mzee Omwenga alikuwa akichechemea. Ulikuwa mdogo alipovunjika, tukakuambia alianguka Manga, na ni kweli. Kilichobaki hatukukuambia.

Ilikuwa Ijumaa. Waya ya mlingoti ilikuwa imelegea na sauti zinakatika, naye akasema ataupanda kuirekebisha kabla jua halijazama. Moraa, mkewe, alikuwa amekwenda kwao kumwangalia mama yake mgonjwa, kwa hiyo nyumbani Birongo hapakuwa na mtu wa kumsubiri. Jioni sauti zikawa safi kabisa. Nikamwita kumpongeza. Kimya. Nikaita tena, kimya. Kerubo akaingia hewani kutoka Nyamira, "Birongo amefika nyumbani?" Nikamwambia, "Amefika, si unaona jua limezama? Amezima. Ni Sabato." Akasema, "Haya, tumwache mtu wa Mungu apumzike." Tukacheka, tukaagana, nikaenda kuswali magharibi nikiwa na amani tele.

Alfajiri mama mmoja aliyekwenda kukata nyasi za ng'ombe alimkuta chini ya mlingoti, mguu umevunjika, baridi imemkausha. Nilipofika hospitalini na Kerubo, Omwenga alitutazama sana kabla ya kusema. Alikuwa mtu wa maneno machache, nawe unajua, lakini siku hiyo alisema.

"Redio ilianguka kando, mkono haifiki. Lakini ilikuwa inawaka. Nilikuwa nawasikia."

Kerubo akauliza, "Ulitusikia sisi?"

"Nyinyi wawili. Mnasema mniache ni Sabato. Mnacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, lakini mguu iliniuma sana."

Rehema, sijawahi kuona aibu kama ile. Hatukumtelekeza kwa ubaya. Tulimtelekeza kwa adabu. Tuliiheshimu siku yake hata tukaogopa kubisha hodi. Mtu mwingine yeyote, asiyejua Sabato ni nini, angesema huyu mbona hajibu, akaenda kumtafuta. Sisi tuliomjua vizuri ndio tuliomwacha mlimani. Nililia pale mbele ya wauguzi.

Omwenga ndiye aliyetutoa kwenye shimo hilo. Alisema, "Kuanzia leo, mtu akizima, aseme anazima. Akikosa kusema, mkuje. Hata kama ni Sabato, hata kama niko kanisani kwa kiti ya mbele, mkuje." Na ikawa hivyo. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama ilikuja sauti yake nzito, "Birongo nazima," na sisi tukajibu, "Zima salama." Hata mimi Ijumaa adhuhuri nilisema. Hata Kerubo Jumapili, ingawa yeye hakuzima mpaka afike mlango wa kanisa.

Kwa hiyo nikuambie hili kutoka moyoni, sio kama khutuba. Huko unakokwenda utafanya kazi na watu usiowajua, mtaweka redio kwenye magari ya kubebea wagonjwa, mtalala safarini. Utawazoea. Siku utakapowazoea ndipo uwe macho, maana ndipo utakapoanza kuwajibia maswali uliyopaswa kuwauliza. Nasi hapa nyumbani tumefanya vivyo hivyo juzi. Wewe umeuliza, mimi nimenyamaza, ukajijibia, ukarudisha begi kabatini. Ungenigonga bega ukasema, "Baba, mbona kimya?" Lakini una adabu kama sisi tulivyokuwa nayo. Mimi ndimi niliyepaswa kusema.

Basi nakuambia kwa nini nilinyamaza. Uliposema "wenzako wote wawili wameenda," niliwaona wote wawili wamekaa pale mezani kwetu, Kerubo anachagua vipande vya nyama na Omwenga anamenya ndizi. Sikuwa na sauti. Hiyo tu.

Tena nitakuambia ukweli wa pili, maana ukweli mmoja peke yake ni nusu. Ningependa ubaki. Tangu tumzike Omwenga, na mimi nikafunga duka nikawa nalala mchana kama paka, ni wewe uliyefungua mlango huu ukakaa hapa, ukauza, ukajibu wateja, ukanilazimisha kunyoa ndevu. Ulinirudisha kazini. Nimefurahia kila siku ya kukaa nawe kwenye meza hii kuliko ninavyojua kusema. Lakini ulikuja kuniamsha, na mimi nimeshaamka. Nina afya, mikono haitetemeki, wateja wa kiwanda wananiita hata siku za mapumziko. Hata zile chaneli natenga mwenyewe siku hizi. Siku ya mazishi ya Omwenga nilipeleka redio Birongo kuelekeza magari, nikazikagua zote moja moja mpaka vijana wa kamati wakaniuliza kama naumwa. Hakuna bibi harusi aliyeshuka siku hiyo.

Nikikumbuka namna Kerubo alivyoondoka, ndipo napata nguvu ya kukuandikia haya. Saratani ilikuwa imemmaliza mwili lakini si mdomo. Nilikuwa nakwenda Nyamira kila siku kukaa kando ya kitanda chake, na kazi kubwa ya kiwanda aliyoitafuta miaka yote ilikuwa inangoja mtu akaikamilishe. Siku moja akaniuliza, "Umeongea na wale wa kiwanda?"

Nikasema, "Bado. Nitawezaje kukuacha hivi?"

"Kwani nikiwa hivi wewe unanifanyia nini hapo? Unaniangalia tu. Mimi nimeangaliwa, imetosha. Enda huko."

"Kerubo..."

"Baba Rehema, toka kwa nyumba yangu."

Alinifukuza, Rehema. Nilitoka nimekasirika, nikaenda kiwandani nimekasirika, nikaongea vizuri kuliko nilivyowahi kuongea, nadhani kwa sababu ya hasira. Walipokubali nilisimama uwanjani mle mle, nikaita hewani, maana alikuwa na redio dirishani: "Nyamira, Kisii hapa. Wamekubali." Kisha sauti ndogo, ambayo sikuidhania ni yake: "Nimesikia. Sasa enda ukule." Wiki hiyo hiyo alifariki, na sijawahi kujuta kwamba siku ile sikuwa kando ya kitanda. Alitaka kitu kiende mbele, na alinichagua mimi nikipeleke. Ningekaa pale nikimshika mkono, angekufa amenikasirikia, na angekuwa na haki.

Kwa hiyo uliponiuliza nitabaki na nani, ulifikiri waliokufa wameniachia upweke. Wameniachia kazi, na namna ya kuifanya, na sauti zao kichwani zinazonisema kutwa. Upweke upo, siukatai. Jioni ya Ijumaa jua likizama bado nageuza kichwa kuitazama redio. Lakini mtu anaweza kuwa na upweke na bado akauza betri.

Sasa sikiliza nilichofanya. Alhamisi nilipoona begi limerudi kabatini, nilifunga duka mapema nikaenda Birongo kwa Moraa. Nilimpelekea sukari na mchele kama kawaida. Alivipokea, akaviweka chini, akasema, "Shemeji, tangu mzee aende mnaniletea vitu kama mgonjwa. Mimi siumwi. Watoto wangu wako kwao, majani chai inachunwa asubuhi inaisha. Hakuna kazi huko kwenu?"

Nilikuwa nimepanda gari mpaka kule nikitafuta namna ya kumwomba, na yeye ndiye aliyeanza. Nilimwambia kazi ipo. Akauliza, "Na Rehema?"

"Rehema anaenda Lodwar Jumapili."

"Ulimwambia aende?"

"Bado."

Akaniangalia kama anavyoangalia kuku aliyeingia jikoni. "Sasa unakuja kuniambia mimi ndio nini? Rudi ukamwambie mwenyewe."

Hivyo nimekuambia. Nenda, mwanangu. Nakupa radhi yangu yote, sikubakisha hata kidogo ya kukuvuta nyuma. Ukifika huko na kazi ikiwa mbaya, au watu wakiwa wabaya, au ukichoka tu, rudi, nyumba ni yako na hutaulizwa. Lakini usirudi kwa ajili yangu, na usibaki kwa ajili yangu. Nimekulea ili uweze kwenda mahali ambapo sauti yangu haifiki.

Mkirudi sokoni utaikuta barua hii juu ya begi lako. Nimelishusha kabatini mwenyewe, na nimeikunja sweta yako ya zamani ndani ili mama yako afurahi. Gari linaondoka kesho asubuhi. Nitakusindikiza hadi stendi, na nikilia usinionee huruma, ni haki yangu.

Na kama bado una wazo la kughairi, ujue hili. Moraa anaanza kazi Jumatatu asubuhi. Duka hili lina meza moja na viti viwili, na cha kwako nimeshampa yeye. Ukibaki, utasimama.

Baba yako